Mazungumzo ya Nyumbani: Shukrani Penye Chungu Kidogo



Mwezi huu nataka tuzungumze habari ya jambo dogo, nalo twalifanya kila siku wala hatulifikiri: yale maneno machache tuyasemayo kabla ya kula. Katika nyumba zetu za Kikristo mtoto hujifunza maneno hayo kabla hajajua kusoma. Baba huvua kofia, mama huweka upawa chini, watoto hufumba macho, na mmoja wao hufumba jicho moja tu, kwa kuwa la pili lakilinda kipande cha samaki. Kisha sala yasemwa, wote waitikia Amina, na mikono yaingia sahanini. Yote hayo hayazidi pumzi tano. Lakini katika pumzi hizo tano mtu aweza kuionyesha imani yake yote, au aweza kuyapita maneno kama apitavyo mtu mlango wa nyumba asiyoijua.

Nimechagua habari hii kwa sababu ya jambo lililonipata zamani, nilipokuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Nalikuwa kijana bado, nami nalikuwa na majibu mengi kuliko maswali.

Katika mtaa wetu palikuwa na nyumba moja ya Wakristo waaminifu. Mwaka ule mvua za masika zilichelewa, zikaja haba, na mahindi yakanyauka kabla ya kuzaa. Katikati ya njaa hiyo mtoto wao wa tatu, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, akashikwa na homa, akafa siku ya nne. Tukamzika, tukaimba, tukarudi makwetu. Baada ya majuma mawili baba yake akanijia jioni, akaketi kizingitini, asitake kuingia ndani. Akasema, "Mwalimu, mke wangu haitikii tena Amina. Nikishukuru mbele ya chakula, yeye hunyamaza, hukitazama chungu. Jana aliniambia, 'Wewe shukuru. Mimi nikishukuru nitakuwa nimesema uongo mbele za Mungu.' Nami, Mwalimu, sikuwa na neno la kumjibu."

Hapo ndipo nilipokosa. Siku ya pili nalikwenda kwao, nikamfungulia mama yule Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, pale Mtume Paulo awaagizapo Wakristo kushukuru katika mambo yote, nikamweleza kwamba kunyamaza kwake ni kukosa utii. Alinisikiliza kwa heshima, macho yake chini. Nilipokwisha akauliza, "Mwalimu, wewe umepata kuzika mtoto?" Nikajibu, "La, mama." Akasema, "Haya," akainuka, akaenda kuchochea moto. Hakunitukana, wala hakunifukuza. Lakini nalirudi nyumbani nikijua ya kuwa mtu mwenye njaa ameniomba mkate, nami nimempa jiwe.

Tangu siku ile nimelitafuta jibu lililonipasa kumpa. Leo nawaandikia kidogo nilichopata, kwa kuwa najua ya kwamba nyumba kama ile zipo miongoni mwa wasomaji wetu, na walimu kama nilivyokuwa mimi wapo pia.

Kwanza, na tumtazame Bwana wetu mwenyewe, tuone ni wapi aliposhukuru. Alishukuru kando ya ziwa, walipokuwapo watu wanaume 5,000 wenye njaa, na mbele yake kulikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili wa kijana mmoja. Hakungoja vile vikapu kumi na viwili vijae ndipo ashukuru. Alishukuru wakati chakula kilipokuwa bado ni kidogo, na wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kusema ya kwamba hakitoshi. Tena alishukuru usiku ule aliosalitiwa, akiushika mkate mkononi, na huyo atakayemsaliti ameketi pale pale chakulani. Tena alishukuru mbele ya kaburi la Lazaro. Fungueni Yohana, sura ya kumi na moja, msome wenyewe: katika sura hiyo moja Bwana alilia machozi, na katika sura hiyo hiyo aliinua macho akamshukuru Baba yake. Na machozi ndiyo yaliyotangulia.

Ningalilitazama jambo hilo siku ile, nisingalimtaka mama yule akaushe machozi kwanza ndipo ashukuru. Machozi na shukrani huweza kuketi katika mkeka mmoja. Mtume naye, aliyetuagiza kushukuru, ndiye aliyewaandikia Wakorintho kwamba mauti ni adui, na kwamba ataangamizwa mwisho. Hatuambiwi tumwite adui rafiki. Twaambiwa ya kwamba hata penye kaburi Mungu yupo, hakutuacha tukae hapo peke yetu. Na kwa ajili ya hilo mtu aweza kushukuru huku akilia, wala hasemi uongo.

Pili, nitawasimulia habari za mtu mmoja wa Ujerumani, jina lake Martin Rinkart. Alizaliwa mwaka 1586 katika mji mdogo wa Eilenburg, akawa mchungaji katika mji huo huo. Wakati wake ulikuwa wakati wa vita vile vilivyodumu miaka thelathini, tangu 1618 hata 1648. Mji wa Eilenburg ulikuwa na kuta, kwa hiyo watu wa mashamba walikimbilia ndani yake, wakasongamana. Mwaka 1637 tauni ikaingia. Wachungaji wengine walikufa au wakaondoka, hata Rinkart akabaki karibu peke yake katika kazi ya kuzika. Katika mwaka ule mmoja aliwazika watu zaidi ya 4,000, na miongoni mwao alikuwa mke wake mwenyewe. Baada ya tauni ikaja njaa.

Basi mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani unaoimbwa katika makanisa mengi ya ulimwengu, uitwao kwa Kijerumani *Nun danket alle Gott*. Nao hapo kwanza ulikuwa sala ya mezani, ya kusemwa nyumbani na watu waliokula pamoja. Wengi waliochunguza habari zake huona ya kuwa sala hiyo ilikwisha kutungwa kabla ya mwaka wa tauni. Mimi naliposoma hayo, kwanza nalisikitika kidogo, kwa kuwa nalitaka kusikia kwamba aliitunga akitoka makaburini. Lakini nilipofikiri zaidi, naliona ya kuwa hivi ndivyo vizuri. Siku kubwa ya msiba haina nafasi ya kujifunza. Mwenye nyumba hawezi kuchimba kisima siku nyumba inapowaka moto. Atateka maji katika kisima alichokichimba zamani. Nyumba ya Rinkart ilizoea kushukuru kwa ajili ya mkate siku mkate ulipokuwapo. Na siku mbaya ilipofika, kinywa kilikuwa kimekwisha kufundishwa, hata kama moyo ulikuwa umevunjika.

Kwa hiyo, wazazi na walimu, msiidharau ile sala ya pumzi tano. Mwawachimbia watoto wenu kisima.

Tatu, na tukitazame chungu chenyewe, maana mara nyingi hatushukuru kwa sababu hatujatazama. Tuseme jioni hii mna ugali, na mboga kidogo, na chumvi. Ni chakula cha kila siku, wala hakuna awezaye kujisifu nacho. Lakini kilifikaje?

Mahindi hayakuwako kwa babu zetu wa kale. Wao walikula mtama, uwele na ulezi. Mahindi yalilimwa kwanza na wenyeji wa bara la Amerika, katika nchi iitwayo leo Meksiko, kwa maelfu ya miaka. Waliichagua mbegu iliyo njema, wakaipanda tena na tena, hata nyasi yenye punje chache ngumu ikawa mmea uwezao kulisha watu. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 mbegu hiyo ikavuka bahari, ikafika Afrika. Wakulima wale wa kwanza hatuwajui hata mmoja kwa jina, nao hawakutujua sisi. Walakini walitulimia.

Chumvi nayo ina habari yake. Huko Uvinza, magharibi ya Tanzania, karibu na mto Malagarasi, mna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameyachemsha maji yale kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Watu waliitembea njia ya siku nyingi kwa ajili ya mzigo mmoja wa chumvi ya Uvinza. Wewe waitia mbogani kwa vidole vitatu, tena ukisema na mtoto jambo jingine.

Na moto, je? Mababu zetu walipekecha vijiti hata mikono ikatoka malengelenge, au walituma mtoto kwa jirani kuomba kaa la moto. Kibiriti cha kuwashwa kwa kukwaruza kiliuzwa mara ya kwanza mwaka 1827, na muuza dawa mmoja Mwingereza, John Walker, katika mji wa Stockton-on-Tees. Leo mtu hupata moto kabla hajamaliza kupiga mwayo.

Hayo ni mambo yaliyomo chunguni au chini ya chungu. Lakini kuna neema nyingine ngumu zaidi kuiona, nayo ni neema ya jambo lisilokuwapo. Wazee wa zamani walikuwa wakiogopa neno moja kuliko vita, nalo ni ndui. Ugonjwa huo uliua karibu watu watatu katika kila kumi walioshikwa nao, ukapofusha wengine, na waliopona wakabaki na makovu usoni. Leo haupo. Mtu wa mwisho ulimwenguni kushikwa na ndui kwa njia yake ya kawaida alikuwa jirani yetu wa pwani, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwezi wa Oktoba mwaka 1977. Naye akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Baadaye Maalin mwenyewe akashiriki katika kazi ya kuwahimiza watu wakubali watoto wao wapewe chanjo ya kupooza, hata alipofariki mwaka 2013. Jioni hii watoto wako wameketi kuzunguka sahani, na nyuso zao hazina alama. Nani kati yetu amepata kushukuru kwa hilo? Nami nakiri ya kuwa sikupata, hata niliposoma habari hizo.

Wahenga walisema, moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Naona maana yake ni hii: mema yenyewe hayaondoki, ila hukauka machoni petu. Yapo mbele yetu, nasi twayapita kama watu waliokwisha kuyazoea.

Walakini yanipasa kuwaonya juu ya shukrani za namna mbili zisizofaa. Ya kwanza ni shukrani ya kujilinganisha. Bwana wetu alisimulia habari za Farisayo aliyesimama hekaluni akamshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine, wala si kama yule mtoza ushuru. Maneno yake yalianza kwa shukrani, yakaishia katika kiburi. Tusiwafundishe watoto wetu kusema, "Twashukuru kwa kuwa sisi twala na wale wa jirani hawana." Mtoto akiyasema hayo, jibu jema ni kumpa bakuli alipeleke kwa hao jirani, kabla ugali haujapoa.

Ya pili ni shukrani ya kuwanyamazisha watu. Kuna mtu awezaye kumwambia kibarua wake, "Shukuru kwa hicho ulichopata," na huku ujira wa kibarua umo mfukoni mwake. Kuna mume awezaye kumwambia mkewe, "Shukuru," na fedha ya nyumbani ameinywa. Mtume Yakobo, katika sura ya tano, asema ya kuwa ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Basi tusiitumie shukrani kuziba kelele ambayo Mungu mwenyewe anaisikiliza. Nami naongeza mtu wa tatu: mwalimu kijana aliyemfungulia Kitabu mama aliyefiwa, ili mama yule anyamaze, na mwalimu apate kurudi nyumbani akijiona amefanya kazi yake.

Sasa nirudi kwa mama yule, maana najua mwangoja kusikia.

Tangu siku ya maziko binti wa jirani, ambaye nyumba yao haikuwa ya kanisa letu wala ya kanisa lo lote, alikuwa akipita alfajiri na mtungi wa maji kichwani. Kisima kilikuwa mbali mwaka ule, kwa kuwa vile vya karibu vilikuwa vimekauka. Aliutua mtungi mlangoni pa mama yule, akaumimina katika mtungi wa nyumba, akaenda zake. Hakuna aliyemtuma, naye hakusema neno la kufariji, kwa kuwa pengine hakulijua. Alifanya hivyo siku kwa siku. Mama alimsikia akija na kuondoka, hakutoka kumsalimu.

Jioni moja, zaidi ya mwezi baada ya maziko, walikuwa na chungu kidogo cha uji, tena mwembamba. Baba akasema sala aliyoizoea. Kabla hajafika mwisho, mama akasema kwa sauti ndogo, "Tena, Bwana, ahsante kwa maji." Kisha akalia sana, na watoto wakaitikia Amina, maana hawakujua la kufanya jingine. Siku ya pili aliamka mapema, akaketi mlangoni, akamngoja yule binti, akamshika mikono.

Mumewe aliponisimulia hayo, nalisikia haya na furaha pamoja. Mimi nalimletea sura na mstari. Binti yule alileta mtungi. Nami sisemi kwamba sura na mstari si kweli, la hasha. Nasema ya kwamba Neno lile lilikuwa likingoja mikono ya kulichukua hata mlangoni kwake, na mikono yangu ilikuwa mitupu. Mnakumbuka wale kumi wenye ukoma katika Injili ya Luka, ya kuwa ni mmoja tu aliyerudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Katika mtaa wetu Mungu alimtumia mgeni kwa njia nyingine: alimfanya awe ndiye neema yenyewe iliyoshukuriwa.

Mama yule hakuacha kumlilia mtoto wake. Nilipohama kijiji kile alikuwa angali akienda kaburini siku za Jumapili. Lakini Amina yake ilirudi, tena ilikuwa Amina nzito kuliko yangu, kwa kuwa alijua ina bei gani.

Basi, ndugu zangu, kwa mwezi huu nawashauri mambo matatu, tena ni mepesi. La kwanza: kila jioni, kabla ya sala ya chakula, kila mtu wa nyumbani ataje kitu kimoja cha siku ile, kitu kimoja tu, tena kwa jina lake: kivuli cha mwembe njiani, barua iliyofika, mbuzi aliyepatikana, maumivu ya jino yaliyopungua. Msiwakubalie watoto kusema "kila kitu," maana mtu ashukuruye kwa kila kitu mara nyingi hajaona hata kimoja. La pili: aliye na huzuni asilazimishwe. Mwacheni aketi nanyi, mumpe sehemu yake ya chakula, ninyi mwitikie Amina kwa niaba yake hata siku atakapoweza. La tatu: kila juma nyumba itoe kitu kimoja kwa mtu asiyetazamia, wala hicho si lazima kiwe fedha. Kuni zafaa; maji yafaa, kama mlivyosikia.

Na kama hamna maneno yenu wenyewe, ombeni hivi:

Ee Mungu Baba yetu, chungu chetu wakijua, na aliye mbali nasi wamjua. Twakushukuru kwa hiki kilichomo, na kwa mikono yote iliyokileta, tuijuayo na tusiyoijua. Uketi pamoja nasi, na pamoja na yeye asiyeweza kushukuru leo. Utufanye sisi tuwe maji mlangoni pake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Bwana azibariki nyumba zenu na vyungu vyenu, vikubwa na vidogo.